Jaji akivuka mpaka wake, unagonga mlango upi?

Mpenda_Haki

Wakuu, salaam. Naomba wanaoijua mahakama kwa ndani wanipangie jambo hili, maana kila ninaposoma nakuta mambo manne yamechanganywa kama uji.

Kwanza, jaji au hakimu akitoa uamuzi mbovu, je, huo ni utovu wa maadili au ni kosa tu la kisheria? Pili, ni lini mdaawa (mtu aliye upande mmoja wa kesi) anaweza kumtaka jaji ajiondoe kwenye shauri, na anafanyaje bila kujiharibia? Tatu, jaji akitoa amri ambayo hana mamlaka nayo, nalazimika kuitii? Nne, ninaweza kumshtaki jaji mwenyewe anilipe fidia?

Sina kesi popote. Naandaa somo kwa wasaidizi wa kisheria na sitaki kuwafundisha uongo. Mifano ya nchi yoyote nitaipokea.

---

Karani_wa_Zamu

Mkuu, anza kwa kutenganisha magonjwa matatu, kila moja lina dawa yake.

La kwanza ni jaji kukosea. Amesoma kifungu vibaya, amemwamini shahidi asiyeaminika, ametoa adhabu kali kupita kiasi. Dawa ni rufaa. Hata kosa liwe la aibu namna gani, peke yake halimfanyi jaji kuwa mtovu wa maadili. Mfumo wenyewe umejengwa kwa kukubali kwamba atakosea, ndiyo maana kuna mahakama juu ya mahakama.

La pili ni jaji kukosa mamlaka. Hapa hatuulizi kama ameamua vizuri, tunauliza kama alikuwa na ruhusa ya kuamua kabisa. Mahakama yenye kikomo cha thamani ya madai imesikiliza dai lililozidi kikomo. Shauri la ardhi limepelekwa mahakama isiyo ya ardhi. Mtu ameongezwa kwenye amri ilhali hakuwa mdaawa wala hakuitwa. Dawa ni pingamizi la awali, na likishindikana, rufaa, au maombi kwa mahakama ya juu ilifute shauri. Mawakili wa Kenya hawachoki kunukuu kesi ya meli Lillian S ya mwaka 1989: mamlaka ndiyo kila kitu, na mahakama ikigundua haina mamlaka inaweka zana chini hapo hapo.

La tatu ndilo utovu wa maadili: jaji alivyojiendesha. Amekutana na upande mmoja bila mwingine kujua. Amepokea zawadi. Ametukana shahidi. Amekaa na hukumu miaka bila sababu. Ameipigia simu ofisi fulani akitaja cheo chake ili nduguye apate kitu. Dawa ni malalamiko kwenye chombo cha nidhamu.

Sasa sikiliza panapoumiza watu. Malalamiko ya maadili hayabadilishi hukumu. Hata jaji akiondolewa kazini, ile hukumu inabaki na nguvu mpaka mahakama iitengue. Na wakati wewe unaandika barua za malalamiko, saa ya rufaa inakimbia. Notisi ya kusudio la kukata rufaa kwenda Mahakama ya Rufani ya Tanzania ina siku 30, Kenya ina siku 14. Barua yako kwa tume ya majaji haiisimamishi hata dakika moja. Mtu anakuja mwezi wa tano na barua nzuri yenye mihuri, rufaa imeshakufa, na sasa inabidi aombe kuongezewa muda kwa kueleza kila siku aliyochelewa. "Nilikuwa nasubiri majibu ya malalamiko" ni sababu dhaifu sana.

Kwa hiyo wafundishe wasaidizi wako hivi: siku ya hukumu, kabla ya kitu kingine chochote, andika barua ya kuomba nakala ya hukumu na ya mwenendo wa kesi (kumbukumbu za yaliyosemwa mahakamani), igongwe muhuri wa kupokelewa, kisha sajili notisi. Hasira zije baadaye.

---

Shahidi_Namba_Tatu

@Karani_wa_Zamu uko sawa ila umefunga mlango mmoja haraka mno. Kosa la kisheria linaweza kugeuka utovu wa maadili. Jaji akirudia kosa lile lile baada ya mahakama ya juu kumsahihisha, huko siyo kukosea tena. Akimfunga mtu bila kumpa nafasi ya kusema neno, siwezi kuiita hiyo "tafsiri tofauti ya sheria".

---

Karani_wa_Zamu

Nakubali, na ni vizuri umelisema. Vyombo vingi vya nidhamu huangalia vitu viwili hapo: je, kosa lilikuwa wazi kiasi kwamba jaji yeyote mwenye akili timamu angeliona, na je, kuna mazoea au nia mbaya nyuma yake? Kosa moja la kweli halitoshi. Mlalamikaji akileta nukuu za kesi tano ambazo jaji huyo huyo amewanyima dhamana watu bila kuandika sababu, na hukumu ya mahakama ya juu iliyomwambia aache, hapo ana malalamiko. Akileta moja, atajibiwa "kata rufaa", na majibu hayo yatakuwa sahihi.

---

Wakili_Mama_Salma

Nachukua swali la pili, la kumtaka jaji ajiondoe, kwa sababu ndilo linalofanywa vibaya kuliko yote.

Kipimo kinachotumika sehemu nyingi hakiulizi kama jaji kweli anapendelea. Kinauliza kama mtu wa kawaida, mwenye akili ya haki na anayejua mambo yalivyo, angeona kuna uwezekano wa kweli wa upendeleo. Bunge la Mabwana la Uingereza, ambalo wakati huo ndilo lilikuwa mahakama ya juu kabisa huko, ndilo lililokiweka vizuri katika Porter dhidi ya Magill, mwaka 2001. Huyo mtu ni wa kufikirika, na sifa yake kubwa ni kwamba si mdaawa aliyekasirika.

Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Laurean Rugaimukamu dhidi ya Mkuu wa Jeshi la Polisi, ilitaja mazingira matatu, na mimi huyatumia kama chujio la kwanza: kuna ushahidi wa uhasama kati ya mdaawa na jaji, jaji ana uhusiano wa karibu na upande wa pili, au jaji, au mtu wa familia yake ya karibu, ana maslahi katika matokeo ya kesi. Ikaongeza kwamba jaji asiombwe kujiondoa kwa hofu za kubuni. Kama jambo lako halimo kwenye hayo matatu, fikiri mara mbili.

Maslahi ya fedha ndiyo kosa lisilo na mjadala. Uingereza, jaji Lord Cottenham aliamua shauri lililohusu kampuni ya mfereji wa Grand Junction huku akiwa na hisa ndani yake. Hakuna aliyemtuhumu kwamba hisa zile zilimpofusha. Wenzake walisema wazi kwamba hawaamini hivyo. Uamuzi ukafutwa vilevile, mwaka 1852. Marekani, mwaka 1927, kesi ya Tumey: meya wa kijiji kimoja huko Ohio alikuwa ndiye hakimu wa kesi za pombe, na mshtakiwa akipatikana na hatia meya alijipatia dola 12 za gharama, akiachiwa, meya hapati kitu. Dola 12 tu, na faini ilikuwa 100. Mahakama Kuu ya nchi (Supreme Court) ilifuta hatia hiyo.

Hata maslahi yasiyo ya fedha yanaweza kutosha. Desemba 1998 Bunge la Mabwana lilifuta uamuzi wake lenyewe kuhusu Pinochet, aliyekuwa mtawala wa kijeshi wa Chile, kwa sababu Amnesty International iliruhusiwa kushiriki kwenye shauri na mmoja wa majaji watano, Lord Hoffmann, alikuwa mkurugenzi wa kampuni ya hisani iliyo chini ya shirika hilo na hakuwaambia wadaawa. Shauri lilisikilizwa upya na jopo la majaji saba. Angalia kilichomponza: kukaa kimya. Mara nyingi jaji akitangaza mapema, "nilisoma na wakili huyu miaka 20 iliyopita, kuna mwenye pingamizi?", pande zote husema hapana na jambo linaisha.

Ambacho hakitoshi: jaji amekukatalia ombi. Jaji amekukatalia maombi manne. Jaji anasali mahali fulani, ni wa kabila fulani, ni mwanamke, ni mzee. Jaji alikuwa mkali kwa wakili wako siku moja. Uamuzi dhidi yako peke yake si ushahidi wa upendeleo, la sivyo kila aliyeshindwa angekuwa na haki ya jaji mpya.

Namna ya kufanya. Ukijua jambo, liseme mara moja. Huwezi kukaa nalo mfukoni ukisubiri kuona kama utashinda. Mahakama itahesabu kwamba umelikubali. Andika hati ya kiapo yenye mambo unayoyajua wewe mwenyewe: tarehe, mahali, nani alisema nini. "Nimesikia kwamba" haifai, na "inajulikana na wote" ni mbaya zaidi. Kama ni hisa au ukurugenzi, ambatisha nakala kutoka msajili wa makampuni. Kisha ombi linakwenda kwa jaji yule yule unayemlalamikia. Najua inashangaza, lakini ndiyo kawaida ya nchi nyingi: yeye ndiye anaamua kwanza, na akikataa, kukataa kwake kunaingia kwenye sababu zako za rufaa. Kwa hiyo lugha iwe ya baridi. Usiandike "Mheshimiwa amehongwa". Andika: "Tarehe fulani, wakili wa mdaiwa aliingia chemba (ofisi ya jaji) saa 3:10 asubuhi, akatoka saa 3:35. Upande wa mdai haukuitwa. Hakuna kumbukumbu ya kikao hicho kwenye mwenendo." Jaji wa rufaa akisoma hayo atafika mwenyewe kule unakotaka afike.

Na kama tukio limetokea mbele yako mahakamani, usisubiri karatasi. Simama: "Mheshimiwa, kwa heshima, naomba iingie kwenye mwenendo kwamba maneno haya yametamkwa." Mahakama ya rufaa husoma kilichoandikwa, haioni uso uliokunjwa.

---

Mpenda_Haki

Shukrani sana, Mama Salma. Hapo kwenye chemba: je, kila mazungumzo ya jaji na upande mmoja ni kosa? Maana makarani wanaongea na mawakili kila siku.

---

Wakili_Mama_Salma

Ratiba si tatizo. "Kesi imesogezwa hadi saa nane" haimuumizi mtu. Pia kuna maombi ya dharura ambayo sheria yenyewe inaruhusu yasikilizwe upande mmoja, mfano zuio la muda pale mali inapokaribia kuondoshwa, kwa sharti upande wa pili uitwe haraka na muombaji aseme yote anayoyajua, hata yanayompinga. Kosa ni kuzungumza kiini cha shauri, ushahidi, au matokeo bila mwenzako kuwepo. Jaji akifikiwa bila kutaka, kwa mfano akitumiwa ujumbe na ndugu wa mdaawa, afanye jambo moja: aueleze mbele ya pande zote na kuuweka kwenye jalada.

---

Mzee_wa_Jalada

Swali la tatu, amri isiyo na mamlaka. Jibu langu fupi: itii, kisha ipinge leo leo.

Watu wakishasikia "amri batili" wanadhani wameruhusiwa kuitupa. Hapana. Kanuni ya Hadkinson ya Uingereza, 1952, imeenea nchi nyingi zilizorithi sheria ya huko: amri ya mahakama inatiiwa mpaka itakapoondolewa, hata kama aliyeamriwa anaamini ni batili. Mfano wa Marekani unauma zaidi. Aprili 1963 jaji wa jimbo huko Birmingham, Alabama, alitoa zuio la maandamano bila kusikiliza upande wa pili. Waandamanaji, Martin Luther King Mdogo akiwemo, wakaandamana. Mwaka 1967, kwa kura 5 dhidi ya 4, Mahakama Kuu ya nchi ilithibitisha adhabu yao kwa sababu hawakwenda kwanza kuomba zuio liondolewe. Miaka miwili baadaye, kwenye kesi nyingine, mahakama hiyo hiyo ilisema sheria ndogo ya vibali iliyokuwa msingi wa zuio ilitumika kinyume cha katiba. Walikuwa na hoja, na bado walilala jela.

Kwa vitendo: omba nakala ya amri siku hiyo hiyo. Sajili maombi mawili kwa pamoja, la kuiondoa amri na la kusimamisha utekelezaji wake mpaka la kwanza lisikilizwe, na liwekee cheti cha dharura kinachosema nini kitaharibika na lini. Kuomba rufaa peke yake hakusimamishi utekelezaji; hili nalo watu hulisahau, dalali wa mahakama anafika wakiwa wameshika notisi ya rufaa mkononi.

Kuna mpaka mwingine watu hawaujui: jaji akishasaini na kusoma hukumu, kazi yake kwenye shauri hilo imekwisha. Anaweza kusahihisha makosa ya kalamu, jina lililokosewa, jumla iliyokosewa kuhesabiwa. Anaweza kuombwa aiangalie upya hukumu yake kwa sababu chache, kama ushahidi mpya ambao usingeweza kupatikana mapema, au kosa lililo wazi kwenye uso wa kumbukumbu. Lakini hawezi kuamka wiki ijayo akaongeza fidia au kumuingiza mtu mpya. Akifanya hivyo amevuka mpaka, hata kama fidia hiyo ilistahili.

Halafu dharau kwa mahakama. Hapa ndipo madaraka ya jaji yanapokuwa makali kuliko popote, kwa sababu anaweza kuwa mlalamikaji, shahidi na mwamuzi kwa dakika kumi. Ndiyo maana hatua zake ni lazima zifuatwe: amweleze mtu ni tendo gani hasa au maneno gani hasa yanayohesabiwa dharau, maneno hayo yaandikwe kama yalivyotamkwa, ampe nafasi ya kujibu, kuomba radhi au kuita wakili, adhabu isizidi kikomo cha sheria. Kama tusi lilimlenga yeye binafsi na hakuna dharura ya kuokoa kikao, amwachie jaji mwingine. Katika Mayberry dhidi ya Pennsylvania, 1971, mshtakiwa alimtukana jaji kwa siku kadhaa mfululizo, na mwisho wa kesi jaji huyo huyo akamlimbikizia miaka 11 hadi 22 kwa dharau. Matusi yalikuwa ya kweli kabisa. Ila Mahakama Kuu ilisema mtu aliyetukanwa kiasi kile hawezi kubaki na utulivu wa kuhukumu, apewe mwingine.

Dharau inalinda kazi ya mahakama. Kumkosoa jaji nje kwa lugha ya kistaarabu, kusema hukumu yake haina mantiki, si dharau. Kuzima simu kwa kuchelewa nako si dharau, ingawa kuna mahakimu wanaoona tofauti.

---

Shahidi_Namba_Tatu

Kuhusu fidia nitakuwa mkali kidogo. Kinga ya majaji, yaani kutoshtakiwa walipe fidia kwa kazi yao, imegeuzwa koti la kujifichia. Someni Stump dhidi ya Sparkman, Marekani, 1978. Mwaka 1971 mama mmoja wa Indiana alimpelekea jaji ombi la kumfunga uzazi binti yake wa miaka 15. Jaji akasaini. Hakuna namba ya shauri, hakuna kilichosajiliwa kwa karani, hakuna aliyeteuliwa kumsemea binti, hakuna kusikiliza. Binti aliambiwa anakwenda kutolewa kidole tumbo. Aligundua ukweli baada ya kuolewa, alipokosa mtoto. Akashtaki. Mahakama Kuu, 5 dhidi ya 3: jaji ana kinga. Sasa mpaka uko wapi hapo?

---

Mzee_wa_Jalada

Hukumu ile inanikera hata mimi, na majaji watatu walioipinga waliandika vizuri kuliko walioshinda. Lakini tueleze kanuni ilivyo, halafu kila mtu aichukie kwa usahihi.

Kinga ina milango miwili tu ya kuvunjika. Wa kwanza, tendo halikuwa la kihukumu. Wa pili, lilikuwa la kihukumu lakini jaji hakuwa na mamlaka yoyote kabisa. Tofauti kati ya "kuzidi mamlaka" na "kutokuwa na mamlaka yoyote" ilielezwa tangu Bradley dhidi ya Fisher, 1872, kwa mfano huu: jaji wa mirathi akimhukumu mtu kwa kosa la jinai, hana kinga, kwa sababu jinai si mahali pake kabisa. Jaji wa jinai akimtia mtu hatiani kwa tendo ambalo sheria haikulifanya kosa, au akampa adhabu inayozidi kikomo, amezidi mamlaka, ila kinga anayo. Jaji wa Stump aliokolewa na hilo: mahakama yake ilikuwa ya mamlaka ya jumla na hakuna sheria iliyomkataza waziwazi.

Mlango wa kwanza ndio unaofunguka mara nyingi zaidi. Mwaka 1988, katika Forrester dhidi ya White, jaji aliyemfukuza kazi mfanyakazi wa mahakama alinyimwa kinga kamili. Kuajiri na kufukuza ni utawala, mtu yeyote mwenye ofisi hufanya. Hivyo swali la kuwafundisha wasaidizi ni hili: je, tendo hili hufanywa na jaji kama jaji, na wahusika walikuja kwake kama jaji?

Kuna nchi zisizokwenda mbali kama Marekani. Katiba ya Kenya, ibara ya 160(5), inamlinda afisa wa mahakama kwa jambo alilotenda kwa nia njema katika utekelezaji halali wa kazi ya kihukumu. Maneno "nia njema" na "halali" yanaacha nafasi ya hoja ambayo Marekani haipo.

Na jambo moja @Shahidi_Namba_Tatu umeliruka: kinga hii ni ya fidia. Haimkingi jaji na jinai. Majaji wawili wa kaunti ya Luzerne, Pennsylvania, walipokea mamilioni ya dola yaliyohusiana na jela binafsi za watoto, huku mmoja wao akiwapeleka watoto humo kwa makosa madogo. Mmoja alifungwa miaka 28 mwaka 2011, mwingine zaidi ya 17. Mahakama ya juu ya jimbo ilifuta maelfu ya maamuzi. Kwenye madai ya fidia, yaliyofanyika kizimbani yalilindwa. Njama za nje hazikulindwa, na mwaka 2022 waliamriwa kulipa zaidi ya dola milioni 200. Kulipwa kweli ni habari nyingine.

Usianze na kesi ya fidia. Katika kesi 100 za wanaotaka kumshtaki jaji, karibu zote kiini chake ni "aliamua vibaya", na zitatupwa kabla ya ushahidi, na gharama juu.

---

Mpenda_Haki

Nimeelewa. Basi tumalizie malalamiko yenyewe: barua iandikweje, na baada ya kuituma kinatokea nini? Wengi hulalamika kwamba hawajibiwi.

---

Karani_wa_Zamu

Barua nzuri ni kurasa mbili, tatu zikizidi. Aya ya kwanza: jina la jaji, mahakama, namba ya shauri, wewe ni nani kwenye shauri, na lipo hatua gani. Kisha tukio moja kwa aya moja: tarehe, saa, mahali, maneno halisi, nani mwingine alikuwepo. Kisha kifungu cha kanuni za maadili kilichovunjwa. Kama nchi yako ina kanuni zake, tumia hizo. Zikikosekana, shika Kanuni za Bangalore za 2002, zenye nguzo sita: uhuru, kutopendelea, uadilifu, mwenendo ufaao, usawa, na umahiri na bidii. Ambatisha kurasa za mwenendo zinazohusika, siyo jalada lote la kurasa 400. Viambatisho vipewe alama. Bakiza nakala yenye muhuri.

Mambo yanayoua barua: kuomba hukumu ibadilishwe, kutaja rushwa bila hata kiasi, tarehe au mpitishaji, kunakili barua kwa ofisi kumi na vyombo vya habari. Ukiwa na habari ya rushwa, peleka kwa chombo cha kupambana na rushwa kwanza na kimya kimya. Barua iliyosambazwa inampa mtuhumiwa muda wa kusafisha.

Baada ya kupokelewa kuna mchujo. Nyingi huishia hapo kwa sababu ni rufaa zilizovaa nguo za malalamiko. Zinazobaki, jaji hupelekewa nakala ajibu, kisha uchunguzi, kisha kikao. Adhabu huanzia onyo na ushauri hadi kusimamishwa. Kumwondoa jaji wa mahakama za juu huhitaji jopo maalum: Tanzania ibara ya 110A, watu wasiopungua watatu, Kenya ibara ya 168, Tume ya Utumishi wa Mahakama ikiridhika hupeleka ombi kwa Rais, naye ana siku 14 za kumsimamisha jaji na kuunda jopo. Ugumu huu ni wa makusudi. Jaji anayeweza kufukuzwa kwa barua moja ni jaji anayeweza kuagizwa kwa simu moja.

Ukimya nao una sababu yake. Misingi ya Umoja wa Mataifa ya 1985 kuhusu uhuru wa mahakama inataka hatua ya awali ya malalamiko iwe siri, isipokuwa jaji mwenyewe aombe vingine. Haimaanishi usijue kama barua imefika. Dai namba ya kumbukumbu, na ulizia kwa maandishi kila baada ya muda fulani ukitaja namba hiyo. Hukumu iliyochelewa usiianzie kwa malalamiko. Mwandikie kiongozi wa mahakama hiyo ukiomba tarehe. Mara nyingi tarehe inapatikana na uhasama haupo.

Mwisho wa yote, maadili hayaishii mlangoni mwa mahakama. Aliyekuwa Naibu Jaji Mkuu wa Kenya, Nancy Baraza, alijiuzulu Oktoba 2012 baada ya jopo kupendekeza aondolewe, kwa tukio la kwenye duka kubwa na mlinzi wa mlangoni. Hakukuwa na jalada lolote la kesi pale.

---

Mpenda_Haki

La mwisho kabisa, Karani: kurekodi kwa simu ndani ya mahakama ili kupata ushahidi?

---

Karani_wa_Zamu

Usithubutu. Mahakama nyingi zinakataza bila ruhusa, na utageuka wewe kuwa mtuhumiwa wa dharau. Kama mahakama ina mashine ya kurekodi, andika barua siku hiyo hiyo ukiomba sauti ya kikao cha tarehe na saa fulani ihifadhiwe, maana zina muda wa kutunzwa. Kama jaji anaandika kwa mkono, daftari ndilo silaha yako: andika mle mle ukumbini, weka saa, na ukitoka mpe aliyekaa naye asome na kusaini kama ndivyo alivyosikia. Na jina la karani wa siku hiyo liandike pia, ndiye anayejua jalada lilitoka saa ngapi na kwa mkono wa nani.